Tuta la Mzee Greda

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Greda, alizaliwa tarehe 12 Machi 1948. Walizaliwa wawili tu, yeye na mdogo wake, ambaye tangu utotoni anaitwa Fuko kwa kupenda kuchimbachimba. Jina hilo naomba mlikumbuke.

Alisoma hadi darasa la nane, kisha akaendesha greda la barabara mpaka alipostaafu mwaka 2003. Mwaka 1974 alifunga ndoa na mama yetu. Mama anasema siku ya posa alikagua kwanza mteremko wa ua wao, ndipo akawakumbuka wakwe na kuwasalimia.

Alipostaafu alikuta korongo limekula nusu ya shamba na sasa linaijia nyumba. Akajenga bwawa dogo la udongo, mali yake mwenyewe, na tuta akalishindilia kwa miguu, tabaka kwa tabaka. Korongo likakoma. Baba mdogo Fuko, mwenye shamba la upande wa chini, alinuna. "Kaka kayafungia maji chumbani," alikuwa akisema.

Masika ya mwaka 2016 tuta lilikutwa na tundu, na maji yalikuwa yakichuruzika kwenda kwa nani, mnajua. Marehemu aliliziba. "Ni fuko tu," alisema. Tukamuuliza, fuko yupi? Akacheka. Mama alitega mitego, haikunasa kitu, na tundu likarudi kila masika. Tuliogopa siku tuta litakapokatika na nyumba kwenda nalo. Tangu hapo tulimtazama baba mdogo kwa jicho la pembeni, hasa akija na jembe.

Mwaka jana marehemu aliugua mapafu, na tarehe 9 mwezi huu akafariki hospitalini. Siku chache kabla, baba mdogo alikuja kumwona. Mimi binti yake nilikuwa nimeketi palepale.

"Fuko, lile tundu?"

"Nimeliziba, kaka."

"Ulishindilia?"

"Kwa miguu. Halitarudi tena."

Marehemu alimshika mkono, hakuuachia. Mimi nililia, lakini masikio yalikuwa wazi: sijawahi kusikia mnyama akiweka ahadi.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na mdogo wake mpendwa, ambaye ndiye aliyelichimba kaburi hili, na amelichimba vizuri.

Pumzika kwa amani, baba. Tuta tunaliona kutoka dirisha la jikoni, na baba mdogo anajua kwamba tunaliona.