Bi Tabea na Hadithi ya Binti Mwenye Punda

Miaka thelathini na mmoja si mchezo. Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi Tabea Akyoo, mkutubi wa shule yetu hapa Sekei, anakabidhi funguo za maktaba na kustaafu rasmi.

Alipoajiriwa mwaka 1994 alikuta kabati moja lenye kufuli bovu na vitabu sitini. Leo vimepita elfu tatu, vingi vikiwa na majalada ya kalenda kuukuu anazotuomba kila Januari. Aliwahi kumrudisha mlangoni Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Lesikar, akanawe mikono kwanza, maana alimwona na andazi. Mwalimu Mkuu alikwenda kunawa.

Lakini watoto walimpendea Jumatano, saa ya hadithi. Waliyoidai kuliko zote ni ya binti aliyevuka milima na punda wake akimtafuta mama yake, hadi akampata. Bi Tabea aliiona akiwa na miaka tisa, gari la sinema lilipofika kwao Maji ya Chai. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo baba yake, Mzee Aminieli, mkulima wa kahawa, alikaa kando yake akamtafsiria kwa Kimeru mwanzo mpaka mwisho. Sisi walimu nasi tuliizoea, na yule punda tulimpenda kama wa kwetu.

Mwaka jana, ndani ya boksi la vitabu vya msaada, kikatoka kitabu chenyewe ambacho ile filamu ilitokana nacho, kimetafsiriwa kwa Kiswahili. Bi Tabea alikipokea kwa mikono miwili, akakimaliza kwa siku mbili, kisha akaja ofisini amenyong'onyea. Kitabuni, mama anafariki sura ya pili. Binti anavuka milima kwenda kwa shangazi, na mwanamke anayemkumbatia mwishoni ni huyo shangazi. Aliomba aondolewe kwenye saa ya hadithi. Miaka yote hiyo amewadanganya watoto, alisema, sasa watamwamini vipi? Mwalimu Lesikar alikataa, akamsihi akisome tena taratibu.

Mara ya pili ndipo alipoukumbuka vizuri mwaka ule. Gari la sinema lilikuja miezi miwili baada ya kumzika mama yake. Na Mzee Aminieli, ambaye kitabu chake kilikuwa Biblia ya Kiswahili tu, hakujua Kiingereza hata kidogo. Picha aliziona kama watu wengine pale uwanjani. Maneno aliyatunga mwenyewe, kwa ajili ya mtoto wake. Alipotusimulia hayo ofisini, Bi Tabea alilia palepale mezani, na sisi hatukuona aibu kulia naye.

Basi akawasomea watoto kitabu kama kilivyoandikwa. Ilimchukua Jumatano tano. Alipofika ukurasa wa mwisho aliwaeleza yote bila kuficha, akawaomba radhi. Tulisimama mlangoni, roho mkononi. Diana wa darasa la tano akanyoosha mkono.

“Bibi, hiyo ya kitabu tumeisikia,” alisema. “Sasa tusimulie ile ya baba yako.”

Akaisimulia, na kwa mara ya kwanza akaanza kwa kumtaja mtunzi: Aminieli Akyoo, wa Maji ya Chai.

Asante, Bi Tabea, kwa yote. Nenda kapumzike, Mungu akujalie afya na miaka mingi yenye furaha.