Misalaba ya Bendera

Katika bisi ya abiria mjini Elisabethville, mwaka ule Katanga ilipojitenga na Kongo ikajitangaza nchi, mama mmoja alikuwa amempakata binti yake Amida. Kando yao aliketi fundi cherehani mzee, nami nyuma yao.

“Aliniuliza ile misalaba ya shaba kwenye bendera mupya ni ya nini,” mama alimwambia mzee. “Nikamujibu, zamani bantu walikuwa wanatoa misalaba kama ile kwa kuoa bibi. Sasa kila asubui anauliza: Katanga inaoa nani?”

“Mama, umutume kwa baba yake.”

“Alienda. Baba yake akamurudisha kwangu.”

Bisi nzima ikacheka, hata mimi niliyejifanya sisikii.

“Mutoto hajibiwe yote,” mzee akashikilia. “Siku moja atauliza mbele ya bunduki.”

“Papa, ukimunyima jibu nyumbani, ndiyo ataenda kulitafuta inje!”

Bisi ikasimama posta. Chini ya bendera palikuwa na askari na bunduki yake. Kabla mama hajamshika, Amida alishatoa kichwa dirishani: “Papa askari! Munaoa nani?”

Askari akainua macho, akaitazama ile misalaba kwa muda, akajikuna kisogo.

“Ngoja,” akasema, “niulize shefu wangu.”