Mshale Uliokataa Kulala

Wewe mwanao akiona kitu kwa macho yake, ungemlazimisha aombe radhi kwa kukiona? Hilo ndilo swali Stella alilowatupia wanaume wa kijiwe chake cha kahawa, njia panda ya Kilema, kabla hata hajawamiminia. Saa kumi binti yake Monica alitakiwa asimame mbele ya shule nzima na kusema alidanganya. Asiposema, mtihani wa kidato cha nne angeusikia redioni. Kosa lake lilitokea maabara. Walikuwa wanapima ni kimiminika gani kinapitisha umeme zaidi: kwenye maji ya chumvi mshale wa mita unaruka, kwenye siki unajikongoja, kwenye maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri, unalala. Darasa zima liliandika umelala, maana kitabu kinasema hivyo. Monica aliandika umenyanyuka. Akaitwa mzushi. Akabisha.

— Aombe tu, yaishe, alisema Godbless, fundi wa sola, ambaye kijiweni jina lake ni Volti. Anaomba, anarudi darasani.

— Aombe kwa lipi? alidakia Wilson. Wanamwita Wakili kwa sababu aliwahi kushinda kesi ya mpaka wa shamba, na tangu siku hiyo hajanyamaza. Akaendelea: pale nyuma ya maabara kuna nguzo. Umeme unavuja, unaingia ardhini, unapanda mezani.

— Unapanda kwa ngazi? aliuliza Stella.

— Volti, wewe si fundi? Mwambie!

Volti alikuwa anapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

Mzee Melkior aliweka fimbo kati ya magoti.

— Nyie watoto hamjui. Huu mlima una moto tumboni. Mtoto kasimama juu yake, mita ikashtuka.

— Na wenzake, meku? Stella alimuuliza mzee. Wao walisimama Arusha?

— Wenzake walivaa raba.

— Basi mimi nawaambia, alisema Wakili, huyo binti alizaliwa siku ya radi. Umeme umo mwilini mwake.

— Kulikuwa na jua kali, Wilson. Nilikuwepo.

Walicheka, ila Volti. Stella naye hakucheka. Ndani, pasi ya mkaa iligonga meza: Monica ananyoosha sketi ya kwenda kujikana. Asubuhi Stella mwenyewe alikuwa amemwambia, “Sema tu mwanangu, usome.” Mtoto alimtazama mama yake kama mtu asiyemfahamu.

Kwenye ukingo wa benchi alikuwepo mgeni, Hellen, mnunuzi wa ndizi kutoka Mabogini, akisubiri mikungu yake ishushwe kutoka shambani.

— Samahanini, alisema. Hayo maji, kuna aliyeuliza yalitoka wapi?

Mzee Melkior alichungulia kikombe chake.

— Kwenye dumu, alisema Stella. Dumu la maabara.

— Na nani alilijaza?

Chini kule kengele ya shule ililia. Monica akatoka, sketi imenyooka, macho mekundu.

— Mama, twende.

— Ngoja, alisema Volti.

Hakumwangalia mtu.

— Nilipokwenda kutengeneza sola yao, betri zangu za nyumbani zilikuwa zimekauka. Yale maji nikaondoka nayo.

— Na dumu? aliuliza Stella.

— Sikuliacha tupu.

— Volti. Dumu ulilijaza nini?

— Maji ya mfongo, ya mfereji.

— Mfongo upi? Wakili aliruka. Huu unaopita kwenye zizi langu, akina mama wanafulia?

— Juu zaidi! Yalikuwa meupe, Wilson, baridi, yametoka mlimani. Nilijua maji ya kwetu ni safi kuliko ya dukani.

Stella alikuwa ameshika birika, hamimini wala haliweki chini.

— Umekaa hapa unaniambia mwanangu aombe msamaha.

Volti alisimama, akavua kofia, akamgeukia binti.

— Uliona sawasawa, Monica. Maji ya mfongo yana chumvi ya udongo, lazima mshale unyanyuke. Ni mimi niliyabadilisha. Twende, nikaseme mimi.