Nyumba Yangu, Mchanga wa Mwenyewe

Salaam aleikum, kina mama. Mlionisukuma nisimame mnajijua, na nikilia hapa mbele ni nyinyi mtakaonipa kitambaa. Sitamtaja mtu kwa jina. Nitasema langu tu.

Mie nimezaliwa Majengo, Mombasa, katika nyumba ya bibi, mamake mama. Vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele. Nyumba ilikuwa yake lakini ardhi ilikuwa ya mtu mwengine. Kila mwezi mjumbe wa mwenye ardhi alikuja na baiskeli, akanywa chai pale barazani, akapokea kodi yake, akaenda zake. Wa pwani naona mnatikisa vichwa. Wa bara msishangae, kwetu mtu huzeeka na nyumba yake juu ya ardhi isiyo yake, na hakuna anayeona ajabu.

Bibi hakupanda mti hata mmoja. Asmini na mrehani wake vilikaa kwenye madebe. Nikimuuliza kwa nini, alinijibu, "Nyumba yangu, mchanga wa mwenyewe." Mpaka leo nikinusa mrehani namwona ameinama pale na kopo lake la maji, na natamani nimuone tena hata kwa dakika moja.

Haya. Nikaja huku Marekani. Miaka mingi nilikodi fleti hapa Frogtown, asubuhi nauza sambusa, jioni nasafisha maofisi kule Plymouth. Siku moja mwanamke mmoja akaniambia anauza treila yake, zile nyumba ndefu zinazokaa safu safu kwenye uwanja wa mtu, si mbali na Crystal. Bei ilikuwa ya watu kama sisi.

Na maswali niliuliza, msinione mjinga. Paa linavuja? Mabomba yanaganda wakati wa baridi? Hita ni nzima? Nikaambiwa pia kuna kodi ya uwanja kila mwezi, na wallahi nilitabasamu. Nilijiona nimerudi Majengo. Sikuuliza mkataba wa uwanja ni wa muda gani, wala uwanja ukiuzwa mie nitakuwa wapi. Mwenye ardhi wa bibi alikuwa familia ile ile tangu mama hajazaliwa, sasa ningeuliza nini?

Nikakaa kwa raha. Nikapanda mchicha na mrehani kwenye ndoo, pale kwenye ngazi. Wanangu wakaniuliza, kwa Kiingereza chao, kwa nini siupandi chini. Nikawaambia chini si kwetu.

Halafu theluji ilipoyeyuka mwaka mmoja, nikakuta barua mlangoni. Mwenye uwanja anataka kuuza, na anayetaka kununua ana mipango mingine na ardhi ile. Niliisoma mara tatu. Nikamwita fundi wa kuhamisha treila, akaizunguka, akagonga gonga chini, akaniambia hii ni kuukuu, itavunjika barabarani. Nilikuwa na nyumba ambayo siwezi kwenda nayo popote.

Nawaambia ukweli, nilianguka. Mlikuwa mkinipigia simu nasema kazi zimenizidi. Ulikuwa uongo, niliona haya. Nilimkasirikia aliyeniuzia, nikajikasirikia mwenyewe, hata bibi nilimkasirikia kaburini kwake, Mungu anisamehe. Nikaanza kufunga vyombo kwenye maboksi.

Basi mmoja wenu, na yuko hapa anajifanya haniangalii, akaja bila kubisha hodi. Akayaona maboksi. Akaniuliza, "Umeuliza wakili?"

Nikamwambia niulize nini, na saini ni yangu mwenyewe. Akachukua funguo zake za gari, akanipeleka kwa mawakili wasiolipisha.

Wakili alikuwa binti mdogo, mpole. Alisoma barua, akasoma mkataba, akanieleza kwamba sheria za hapa zinawapa wakazi nafasi. Nusu ya nyumba zikitia saini, tunaweza kuungana tukataka kuinunua ardhi wenyewe, na mwenye uwanja lazima atusikilize. Majirani walikuwa wameshaanza. Mie sikujua kwa sababu nilikuwa sifungui mlango.

Nikapewa safu yangu nizunguke. Nilikwenda na sinia la mahamri, sijui kwenda nyumba ya mtu mikono mitupu. Ikabaki saini moja tufike nusu, na nyumba iliyobaki kwenye safu yangu ni ya mzee wa mwisho kabisa, Mmarekani, ambaye miaka yote hakuwahi kuitikia salamu yangu. Nikapiga moyo konde, nikagonga. Akaisoma karatasi polepole, akaniambia amekaa pale tangu mkewe yu hai na hakuna aliyewahi kuja kumuuliza anataka nini. Kisha akaomba kalamu. Mahamri alichukua matatu.

Haikuwa kazi ya siku mbili. Vikao, benki, mwenye uwanja kukataa na kukubali. Lakini tuliinunua. Kodi bado tunalipa kila mwezi, ila tunailipa kwa chama chetu, na kila nyumba ina kura yake.

Aliyenitia garini siku ile, ahsante. Nyinyi mliopika chakula cha vikao vyetu, Mungu awalipe. Na wewe unayetafuta nyumba sasa, paa liangalie, ndiyo, lakini kabla ya saini uliza ardhi ni ya nani, kwa muda gani, na ikiuzwa wewe una haki gani. Ukiona haya kuuliza, nipigie, tutakwenda pamoja.

Siku tuliyopewa karatasi nilimpigia mama. Bado anaishi Majengo, nyumba ile ile ya bibi. Nikamwambia, mama, mchanga nao ni wetu.

"Wote?" akauliza.

"Wote. Wetu na majirani."

Nikasikia anapenga kamasi. Halafu akasema, "Basi utoe huo mrehani kwenye ndoo."