Kitanda cha Masista

"Shangazi yako yuko Gikondo, na wewe unalala kwa masista, chumba cha vitanda vinane na watu usiowajua?"

Ilyasi, fundi cherehani wa Nyamirambo, alitega sikio akiwa kiti cha nyuma pamoja nao. Mama Mukandekezi alikutana na msichana huyo, Alida, humo humo ndani ya teksi, na tayari alikuwa amechimbua ukoo wake wote.

"Ndiyo, Mama," Alida alijibu. "Nimetoka Bujumbura peke yangu, na kitanda nimejitafutia. Nikilala kwa shangazi, kila jioni analetwa mwanaume wa kuniangalia. Kwa masista hakuna anayeniuliza nitaolewa lini."

"Unamwaibisha! Watu watasema amekunyima mkeka."

"Waseme."

Teksi iliposimama Gikondo, Mama Mukandekezi alinyakua kikapu cha Alida, akashuka nacho. "Sasa utanifuata mpaka kwa shangazi yako!"

Ilyasi alijisogeza ampishe msichana. Msichana hakuinuka. Alitoa kichwa dirishani, ufunguo ukining'inia shingoni.

"Mfikishie, Mama! Hao dagaa wa kikapuni ni zawadi yake. Nguo zangu nimezifungia kwa masista. Mwambie kesho nakuja tule pamoja. Kulala, hapana!"