Alichosema Wakili Ukumbini

Benchi letu liko nje ya duka la mikate la Doña Chelo, upande wa kivuli, limebanwa kati ya dirisha lake na gereji ya matairi. Saa moja asubuhi jua la Palo Seco, mji wetu wa mpakani, limeshakasirika, na wale ndege weusi wa kwenye nyaya wanapiga kelele kama wamelipwa. Hapo ndipo tunapokunywa kahawa ya mdalasini kila siku ya Mungu tangu tustaafu, na hapo tumeshamaliza vita vya dunia, bei ya maparachichi na ndoa ya mpwa wa padri. Tuko wanne. Redio, ambaye hazimiki. Kiroboto, mfupi, muuza vikorokoro kwenye gulio la Jumamosi. Wakili, ambaye hajawahi kukanyaga chuo cha sheria, ila akianza kuongea hata mbwa wanakaa chini kusikiliza. Na mimi, Breki, niliyeendesha basi la shule mpaka mgongo ukakataa. Jana jioni bodi ya shule ilifuta somo la juu la fasihi ya Kihispania katika sekondari yetu, na sisi wote wanne tulikuwemo ukumbini, mstari wa tatu, na kofia zetu za harusini. Leo Wakili amekuja kichwa wazi, na hajasema neno.

Redio: Mimi nawaambia, ni kocha.

Kiroboto: Kocha gani tena, jamani?

Redio: Wa mpira, ule wa kugongana! Anakitaka chumba cha Mwalimu Ofelia wa fasihi aweke helmeti. Watoto wanasoma mashairi mle, yeye anaona stoo.

Kiroboto: Helmeti zina kontena zima nyuma ya uwanja.

Redio: Limejaa! Na wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haya, msimu huu nani kavunjika guu? Si yule mrusha mpira wetu? Unaona sasa?

Kiroboto: Naona nini?

Redio: Mambo yanavyoungana!

Mimi: Hayaungani, Redio.

Redio: Yanaungana kwa ndani, Breki. Wewe ulizoea barabara iliyonyooka.

Tulicheka, lakini kicheko kilikufa mapema. Wakili alikuwa anazungusha kikombe chake kwenye goti. Doña Chelo alikuwa ametuletea birika bila salamu, na mkate hakutupa. Siku zote hutuwekea mikate minne ya sukari, zile konchas, kwenye sahani. Leo sahani ilibaki dirishani, ndani, tunaiona.

Niseme jambo lenyewe, asije msomaji akadhani tunalilia chumba. Sekondari yetu ilikuwa na masomo mawili ya juu ya Kihispania. La kwanza ni la lugha, na hilo watoto wetu wanalipita bila jasho jingi, maana ndiyo lugha ya jikoni kwao. Yaretzi, mjukuu wa Wakili, alilifanya mwaka jana akapata tano, alama ambayo juu yake hakuna nyingine. La pili ni la fasihi. Hilo ndilo mlima. Unaanza na Wahispania wa kale wenye mapanga, unateremka karne kwa karne mpaka kwa watu wa juzi, na mwezi wa tano unafanya mtihani ambao vyuo vikuu vinauheshimu. Yaretzi alikuwa analisubiri hilo tangu akiwa mdogo, akimsomea babu yake mashairi barazani jioni.

Bodi ikasema somo hilo halina wenyewe. Hakuna mtu mjini aliyewahi kuja kulidai. Wakilitaka, waje waseme, hata kwa Kihispania, mkalimani atakuwepo. Basi Mwalimu Ofelia akaja hapahapa kwenye benchi, amefumbata mikono, akatuomba. Tukasema kwa sauti moja: Wakili ataongea! Akajiandaa wiki nzima. Alituhutubia hapa na mikono hewani, mpaka Doña Chelo akalia juu ya trei ya mikate.

Kiroboto: Kocha ni dagaa tu. Papa ni gavana.

Redio: Gavana anamjua Mwalimu Ofelia kwa lipi?

Kiroboto: Hamjui, lakini anayaogopa mashairi. Mtoto akisoma mashairi anajifunza kulalamika vizuri. Akilalamika vizuri, utamfanya nini? Na wahenga wameshasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Haya! Ukuta si umeshajengwa kule mtoni, mpakani? Wenyewe tunauona! Basi ufa uko wapi?

Redio: Uko wapi?

Kiroboto: Ni hilo somo, bwana! Ndiyo maana wameliziba!

Redio: Methali umeishika mkia, Kiroboto.

Kiroboto: Mkia, kichwa, nyoka ni yuleyule.

Mimi: Wajumbe watano kati ya saba wa ile bodi ni wetu. Majina yao ni kama ya kwetu. Wa mwisho kulia nimembeba kwenye basi langu, alikuwa anatapika kila Jumatatu. Gavana anaingiaje?

Kiroboto: Kwa setilaiti.

Hapo nilimtazama Wakili. Siku nyingine angeshamkata Kiroboto vipande na kumrudishia akiwa amefungwa kwenye karatasi. Alikuwa anaangalia matairi ya gereji, yale yaliyopangwa ukutani, kana kwamba anachagua moja la kununua.

Redio: Halafu mimi nina swali. Ile baridi ya mle ndani mliiona?

Kiroboto: Wee! Meno yangu yalikuwa yanapiga makofi.

Redio: Basi ndiyo hiyo! Si kocha wala gavana. Ni ile mashine ya baridi! Waliiwasha makusudi. Koo la mtu wa bonde hili limezoea moto. Ukilipiga baridi ya ghafla, Kihispania kinaganda. Kinakwama hapa, hapa kwenye kidakatonge.

Kiroboto: Mbona Kiingereza hakigandi?

Redio: Kimetoka nchi za baridi, kitaganda vipi? Kinateleza!

Kiroboto: Aisee!

Redio: Ni sayansi.

Na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu sita, nikatikisa kichwa kukubali, kana kwamba ni sayansi kweli. Kwa sababu kuganda kulikuwepo. Hilo tu ndilo lililokuwa kweli katika maneno yote ya asubuhi ile.

Ule ukumbi wa bodi zamani ulikuwa chumba cha kulia cha shule yetu ya msingi. Wameupaka rangi, wameweka zulia na viti vya kukunja, lakini mlango ni uleule. Pale kushoto, ukutani, ndipo mwalimu wetu, Bwana Whitlow, alipokuwa anatundika ubao wake wa kuchapia, wenye matundu. Neno moja la Kihispania, ubao mmoja. Kiroboto alipigwa kwa kuomba maji. Tangu siku hizo watu wa rika letu tuna sheria ambayo hakuna aliyetutungia: Kihispania ni cha barabarani, jikoni na kanisani, lakini ukiingia jengo lenye bendera mlangoni ulimi unageuka wenyewe. Posta, benki, kwa daktari wa macho, hata kama nyuma ya kaunta kakaa binti wa dada yako. Jana nilipoingia, kabla ya kutafuta kiti, macho yangu yalikwenda kwanza pale kushoto. Nikaona haya kwa kutazama. Nikageuka, nikawakuta wenzangu nao wanatazama palepale.

Redio: Halafu sisi hatukushindwa, tuelewane. Tulitumia mkakati. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kiroboto: Mshindo wenyewe uko wapi?

Redio: Unakuja.

Kiroboto: Utokee wapi? Wameshapiga kura!

Redio: Nimesema unakuja, una haraka ya nini?

Hapo ndipo Selvin alipotoka gereji, anafuta mikono kwa tambara. Ni kijana wa Honduras, hajamaliza mwezi hapa mjini, anafunga matairi na kuimba. Ana binti anayeingia sekondari mwezi wa nane. Akajimiminia kahawa, akabaki amesimama kwa adabu.

Selvin: Shikamooni, wazee wangu.

Redio: Marahaba, kijana. Karibu, tunachambua siasa.

Selvin: Nilikuwa chini ya gari, nimesikia. Hilo somo mnalosema, ndilo lile la fasihi? Mwalimu Ofelia aliniambia binti yangu Génesis atalifikia akijitahidi.

Kiroboto: Lilikuwepo. Sasa halipo.

Selvin: Limeondolewa? Na nani?

Redio: Hapo ndipo penye mjadala. Kuna nadharia ya kocha, kuna ya gavana, na kuna ya mashine ya baridi.

Selvin: Lakini nasikia wananchi waliruhusiwa kusema. Na ninyi mlikuwepo.

Redio: Tulikuwepo, naam. Mstari wa tatu.

Selvin: Mlisemaje?

Redio akatoa simu yake akaanza kuikuna kioo. Kiroboto akainama kufunga kamba za viatu, na amevaa buti ambazo hazina kamba. Mimi nilikunywa kahawa kutoka kikombe kitupu. Nasema haya yote kwa sababu niliyaona, na kwa sababu nilitamani benchi lipasuke litumeze.

Wakili: Nilisema mimi.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua kinywa asubuhi ile.

Selvin: Ulisemaje, mzee?

Wakili: Mjukuu wangu alisema kwanza. Kwa Kihispania, amesimama wima. Mwenyekiti akauliza kama kuna mzee wa kuongezea. Mtoto akageuka akanitazama. Nikasimama.

Selvin: Ehe?

Wakili akakitamka kile alichokisema. Akakitamka kwa Kiingereza, vilevile kama jana, kwa ile sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake tangu tukiwa darasa la tatu. Maneno yenyewe ni machache, hata pumzi moja hayamalizi.

Selvin: Samahani, mzee wangu. Kiingereza bado kinanipiga chenga. Hiyo kwa lugha yetu inasemwaje?

Wa kutafsiri tulikuwepo.

Redio huwa anawatafsiria nusu ya mtaa hospitalini, kuanzia mimba mpaka nyongo. Kiroboto anauza kwa lugha mbili na kudanganya kwa zote mbili. Mimi nimewatangazia watoto vituo vya basi kwa Kiingereza na kuwagombeza kwa Kihispania maisha yangu yote ya kazi. Selvin akamtazama mmoja wetu, akamtazama mwingine, kama mtu aliyeuliza njia akadhani labda ameuliza vibaya.

Selvin: Ni maneno magumu?

Redio: Siyo magumu...

Selvin: Basi?

Sauti ikatoka nyuma ya benchi.

— Alisema: "Hapana, asante sana, bwana. Sisi tumeridhika."

Alikuwa Yaretzi, begi begani, anaelekea kituoni. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Aliyasema kwa Kihispania chake kile kilichonyooka, bila hasira, kama mtu aliyeulizwa saa.

Selvin: Tumeridhika? Na wengine je?

Yaretzi: Wengine walitikisa vichwa kukubali.

Selvin: Wote?

Yaretzi: Wote watatu. Mwenyekiti akasema vizuri, kama wananchi wameridhika tupige kura. Wakapiga.

Selvin aliweka kikombe chake dirishani taratibu sana. Alituonea huruma, na huruma ya kijana ni mzigo mzito kuliko tusi. Mimi nilikuwa naangalia vidole vyangu. Ndiyo, nilitikisa. Mwenyekiti alitutazama kwa macho ya kuuliza, na shingo yangu ikakubali kabla sijaiuliza, kwa sababu ndani ya chumba kile shingo yangu haijawahi kufanya kitu kingine.

Kiroboto: Mwanangu, ile baridi...

Yaretzi: Najua, babu Kiroboto.

Alizunguka benchi akaja mbele ya babu yake. Akainamisha kichwa kama anavyofanya kila asubuhi tangu alipojua kutembea.

Yaretzi: Nibariki, babu.

Wakili akainua mkono. Akamchora msalaba kwenye paji la uso, polepole, na kidole gumba kikakaa pale. Maneno ya baraka ni mafupi, mtoto wa chekechea anayajua. Mdomo wake ukafunguka. Mtu aliyewahi kumnyamazisha padri kwenye mazishi, hakikumtoka kitu.

Basi la shule likapiga honi kwenye kona. Dereva mpya hana subira. Yaretzi hakusogea, akangoja bado, kichwa chini, mbele yetu sote.

Honi ikalia tena.

— Amina, akasema mwenyewe, akakimbilia basi.