Karatasi ya Zamani kwenye Kioo

Ndugu zangu, Bwana aliyetuamusha leo asifiwe. Munanijua, mimi njo Papa Yoasi wa fromaji. Sina maneno mengi.

Nilikuwa nabeba fromaji, ile jibini ya maziwa ya ngombe zetu, kutoka huku Masisi mupaka Walikale. Asiransi ya gari, ile bima ya ajali, iliisha, sikuilipa tena. Sababu yangu ilikuwa ya kipumbavu: gari lilikuwa limeombewa. Lilipakwa mafuta hapa kanisani mbele yenu, na mimi nikaona kulipa asiransi ni kumwambia Mungu kwamba simwamini. Karatasi ya zamani niliiacha kwenye kioo. Jua lilikuwa limekula tarehe.

Siku moja ya mvua, nikishuka karibu na Kalembe, gari liliteleza kwenye tope, likamugonga Papa Silasi akitoka shambani na jembe lake. Muguu ukavunjika. Nilimupakia pamoja na bibi yake, Mama Furaha, kwenda hospitali. Njiani mama akaniuliza, "Papa, asiransi iko?"

Nikasema, "Iko, Mama."

Dokteri akasema muguu upasuliwe Goma upesi, ao utakatwa. Jamaa wakasema, basi tungoje watu wa asiransi, wao njo watamusafirisha. Wakangoja siku mbili. Mama Furaha alikaa kwenye mulango wa hospitali, na kila gari likipita anasimama. Mimi nilikuwa nafunga na kuomba. Niliomba muguu upone wenyewe, ili uongo wangu usijulikane. Ndugu zangu, ile njo maombi niliyoomba.

Siku ya tatu Mama Furaha aliniletea viazi kwenye sahani. Akasema, "Kula, Papa. Na wewe umengoja sana pamoja nasi."

Nilishindwa kushika ile sahani. Nikamwambia, "Mama, asiransi haiko. Iliisha zamani. Niliwadanganya."

Hakunitukana. Aliweka viazi chini, akasema, "Basi twende."

Tulienda Goma kwa gari lile lile. Niliuza ngombe zangu zote isipokuwa moja, na muguu haukukatwa. Musimu wa maharagwe ulipofika, Papa Silasi alikuwa bado kitandani, kwa hiyo nililima shamba lake. Mimi mufugaji, sikuwa nimeshika jembe tangu nizaliwe. Watu wa Kalembe walikuja kutazama, wakacheka. Walikuwa na haki ya kucheka.

Namushukuru Mungu. Nilikuwa najificha nyuma ya jina lake, akanitoa pale. Ndugu yangu, kama kuna kitu umesema iko na haiko, kiseme leo. Yeye hatakuacha, mimi nimeona.

Papa Silasi iko pale nyuma na fimbo yake. Asubuhi nilimupitia nyumbani ili tuje pamoja. Kabla ya kupanda, alizunguka mbele ya gari, akainama kwenye kioo, akasoma tarehe ya asiransi polepole. Nilimungojea. Alipomaliza, akapanda.